Pindo la Shuka

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi mawingu mazito, upepo hakuna. Manyunyu yameanza kabla hatujamaliza kusuuza. Mashuka ya nyumba ya wageni yamerudi ndani yakidondoka maji vilevile yalivyotoka, tukayatundika sebuleni, jikoni, na mawili kwenye mlango wa chumba changu. Mwenzangu wa kazi namwita Pasi, kwa kuwa yeye ndiye anayenyoosha na mimi ndiye ninayefua, na pia kwa kuwa hawezi kuona jambo limejikunja akaliacha. Amesema nikijifungua kipindi hiki mtoto atavaa nepi mbichi mpaka aanze shule.

Tarehe niliyoandikiwa kliniki imeshapita. Mtoto bado anacheza, ila si kama zamani. Zamani nikiinama kwenye beseni alinipiga teke la kudai nafasi yake. Sasa anajigeuza tu, taratibu, kama mtu anayevuta blanketi.

Jioni amefika mama mkwe na begi moja na mwavuli uliovunjika mbavu. Mume wangu ndiye aliyemwomba aje. Yeye anaendesha katapila kwenye kambi ya barabara, na mvua ikishika hakuna gari linalotoka huko mpaka njia ikauke.

Nimelala saa nne usiku.

Jumatano, 12 Machi
Mvua tangu alfajiri. Kazi hakuna. Pasi amekuja hivyo hivyo, eti amefuata chai.

Tulipokuwa tunakunja nguo za mtoto mama mkwe akasema, bila kuulizwa, kwamba katika ukoo wao mwanamke halii uzazini.

"Mimi nimezaa wanne," akasema, "na jirani wa ukuta mmoja hakujua mpaka alipoona nepi kwenye kamba."

"Mama, mimi nilipiga kelele mpaka mlinzi wa getini akaja na rungu," Pasi akasema. "Alidhani kuna mwizi."

"Wewe ni wewe."

"Mficha uchi hazai, mama."

"Uchi nilionyesha. Sauti ndiyo sikutoa." Akalaza kofia ndogo juu ya rundo, akaipapasa mpaka ikalala sawa. "Na huyu hatatoa. Nimemtazama anavyofanya kazi. Huyu ni wa kwetu."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tangu niolewe hajawahi kuniita wa kwao.

Baadaye nimekaa nikifikiri: amesema wanne. Mume wangu ana kaka mmoja na dada mmoja. Kwa hesabu yangu hao ni watatu. Sikuuliza.

Jumamosi, 15 Machi
Jua dogo mchana. Tumekausha nusu ya mzigo. Mtoto kajigeuza asubuhi, na jioni tena. Nimelala mapema.

Jumanne, 18 Machi
Asubuhi ukungu, kisha mvua ya kunyooka. Kliniki.

Daktari ni kijana, ana haraka lakini hana ubaya. Amesema maji ya mtoto yamepungua, siku nazo zimezidi, na kuendelea kusubiri ni kumweka mtoto hatarini. Nije Alhamisi na begi langu, wataniwekea dawa uchungu uanze.

Nikamuuliza kama kuna dawa ya kupunguza maumivu.

Alikuwa ananawa mikono. "Tuliyonayo ni ya wanaopasuliwa. Anayejifungua kawaida hapa tunampa maneno mazuri tu. Ukitaka kulia, lia. Hakuna atakayekudai."

Nesi mmoja mwenye miwani mikubwa, aliyekuwa anapanga kadi, akanisindikiza mpaka mlangoni. Nikamuuliza kama uchungu wa kuanzishiwa unatofautiana na ule unaokuja wenyewe.

"Ule wa kawaida unapanda ngazi," akasema. "Huu unaingilia dirishani. Lakini unapita, dada. Wote unapita."

Simu ya mume wangu imepatikana jioni, sauti ikienda na kurudi. Nimemweleza.

"Mama yupo. Mama anajua hayo mambo."

"Mama yako anasema nisilie."

Akacheka. "Ndivyo walivyo hao. Usijali, wewe hulii hata ukikata kitunguu."

Nikacheka nami. Simu ilipokatika nikaona kwamba sasa wanaonisubiri ninyamaze wamekuwa wawili.

Nimefunga begi. Shuka nimechagua langu jeupe la zamani, lililofuliwa mpaka likawa laini kama ngozi ya sikio, pindo nililolishona mwenyewe kwa mkono. Mama mkwe anasema jeupe litaonyesha kila kitu. Nimemwambia damu inatoka kwa maji baridi na chumvi, ilimradi mtu asiiwahishe kwenye maji ya moto. Moto ndio unaoipika ikaganda kwenye uzi.

Usingizi haukuja upesi. Saa sita hivi.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua. Naandikia wodini, kitandani. Vitanda vinane, pazia kati ya kila viwili, dirisha lisilofunga vizuri. Mashuka ya hapa hayasuuzwi vya kutosha, yananukia sabuni kavu. Wameniwekea kidonge asubuhi, kingine mchana. Kiuno kinavuta tu, kama siku za mwezi.

Jamaa hawaruhusiwi kuingia. Mama mkwe amekaa kwenye benchi la korido, karibu na mlango, mwavuli mapajani. Saa ya kuona wagonjwa amekuja na uji, akasimama pembeni akanitazama nikinywa.

"Uchungu ukija," akasema, "shika kitu. Uma kitu ukitaka. Lakini sauti usitoe. Ukifungua mdomo nguvu zote zinatokea huko."

"Ndiyo, mama."

Usingizi wa vipande vipande.

Ijumaa, 21 Machi
Bado mvua. Asubuhi njia ya uzazi imefunguka kidogo tu. Wameniwekea dripu ya uchungu. Nesi wa miwani ndiye aliye zamu. Nitaandika baa

Jumatatu, 24 Machi
Nyumbani. Mawingu, joto, mvua haijanyesha bado. Naona nilipoishia Ijumaa, katikati ya neno. Leo ndiyo nimeweza kushika kalamu. Mtoto yuko hai. Ni msichana. Nimetanguliza hilo ili hata mimi nikisoma siku nyingine nijue mwisho kabla ya mwanzo.

Walipoifungua dripu hakukuwa na kitu kwa muda. Nilikuwa nimelala nikitazama matone yanavyoshuka kwenye ule mrija, moja, na jingine, kama kamba yenye nguo mbichi inavyodondoka barazani. Kisha lilikuja wimbi la kwanza. Halikupanda kutoka popote. Lilikuwepo tu, limeshanishika kiunoni na mbele kwa wakati mmoja, likanikamua kama mikono miwili inavyokamua blanketi, mmoja unaenda huku na mwingine kule. Likaniachia. Nikasema moyoni, hili naliweza.

Nilishika njia yangu ya kazini. Kila lilipokuja nilifua shuka moja kichwani: loweka, paka sabuni, sugua pindo, sugua katikati, suuza, suuza tena, kamua, tundika. Nikifika kwenye kutundika lilikuwa limeisha. Nilifua hivyo asubuhi nzima. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa analia kwa sauti, anamwita mama yake, anamtukana mumewe kwa majina ambayo Pasi angeyapenda. Kila alipolia nesi alikuja. Alimsugua mgongo, alimpima, alimpa maji. Mimi nilikuwa nimepachika pindo la shuka mdomoni.

Nesi alipopita kwangu alinitazama usoni, akatazama dripu. "Wewe bado," akasema. "Umetulia kama uko ibadani." Akazungusha kile kigurudumu cha mrija. Matone yakakimbia.

Nilitaka kumwambia si kweli. Nilitaka kusema, dada, hapa ninakufa. Lakini pindo lilikuwa mdomoni, na mlango wa korido ulikuwa wazi, na sakafuni mlangoni niliona viatu vya mama mkwe, vimewekwa sambamba. Nikanyamaza. Nilijivuna pia. Hilo nalo niliandike. Nilimsikia yule jirani akipiga kelele nikajiona bora kuliko yeye.

Nesi akarudi baada ya muda, akanikuta vilevile, akaongeza tena.

Baada ya hapo sikuweza kufua. Nilikuwa naloweka tu, halafu jingine linanikuta bado naloweka. Halikuwa linaniachia. Lilikuwa linashuka kidogo, kama anayebadilisha mkono, kisha linaanza upya juu ya lile lililokuwepo. Tumbo lilikuwa limekuwa ubao. Nilibonyeza kwa kidole, kidole hakikuingia. Nilisubiri mtoto ajigeuze. Hakujigeuza. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na nilikuwa nauona ukuta mbele yangu, rangi ya chini ya kijani na ya juu nyeupe, na pale zinapokutana fundi wa rangi aliteleza. Nilikuwa nimeng'ang'ania pale alipoteleza. Meno yalikuwa yamekutana katikati ya kitambaa.

Kitu kimoja nilikielewa wazi kabisa: kuna jambo limeharibika, na hakuna ajuaye ila mimi. Na hata hapo sikutoa sauti. Sijui nilikuwa namwogopa nani zaidi. Nadhani wakati ule sikuwa tena ninakataa kulia. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyofanywa.

Ndipo niliposikia kelele mlangoni. Haikuwa ya mzazi. Ilikuwa ya mama mkwe.

"Mama, huku hairuhusiwi. Rudi kwenye benchi."

"Yule wa kwangu amenyamaza vibaya."

"Yule anaendelea vizuri, hata halii."

"Ndicho ninachokwambia, halii." Sauti yake ilikuwa juu kuliko ya wazazi wote mle ndani. "Nimekaa hapo tangu asubuhi nawasikia wote isipokuwa yeye. Mtazameni. Mkishamtazama mnitoe, mniite mlinzi, mnifunge, lakini mtazameni kwanza."

Nesi alikuja, nadhani kwa kuudhika. Akaweka mkono tumboni kwangu. Mkono ukabaki pale. Akachukua kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakilaza, akainamisha sikio, akakihamisha, akakihamisha tena. Niliona uso wake ukibadilika kama kitambaa kikilowa. Akafunga dripu kwa kuupinda mrija. Akanigeuza ubavu wa kushoto, akanivalisha kinyago cha hewa, akamwita daktari kwa jina lake bila kutanguliza cheo.

Walinipima. Njia ilikuwa imefunguka yote. "Tangu saa ngapi?" daktari akamuuliza nesi, na nesi akaitazama dripu. Wakaniambia nisukume. Nilisukuma. Ule moto wa mwisho sitauandika, sina maneno yake, na nikiyapata nitayatupa.

Mtoto alitoka rangi ya zambarau, amelegea kama nguo. Hawakuniwekea kifuani. Walimpeleka mezani dirishani, migongo yao ikanikinga. Nilisikia kitambaa kikimsugua. Nilisikia kifuko cha hewa kikibonyezwa. Nilisikia mvua. Yule mama wa jirani naye alikuwa amenyamaza.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Uchungu ulikuwa umeshaisha, mwili ulikuwa mwepesi, hakuna kilichokuwa kinaniuma. Nilipiga kelele mpaka koo likachubuka, na mlangoni mama mkwe alikuwa anapiga zake.

Kisha pale mezani kitu kikalia kama mlango usiotiwa mafuta. Kidogo. Tena. Halafu akalia kweli.

Jumamosi asubuhi nesi wa miwani alikuja kitandani kabla hajaanza zamu. Alikuwa anaitazama kadi yangu, hanitazami mimi.

"Dripu niliiongeza mimi," akasema. "Nilikuona umetulia. Nina vitanda vinane na niko peke yangu, dada. Nafuata sauti." Akairudisha kadi mahali pake. "Ilinipasa kukugusa. Siku nyingine piga kelele. Ila mimi ilinipasa kukugusa."

Sikuwa na hasira naye, na sikuwa tayari kumwambia hivyo.

Jana walituruhusu. Shuka langu nilirudi nalo ndani ya mfuko wa plastiki. Pasi alitaka kulichukua alifue, nikamwambia aliache. Nimelisukuma chini ya kitanda.

Sikulala.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua mchana kutwa. Majirani wamekuja kumwona mtoto, miguu yenye tope, mikono yenye sabuni za zawadi. Kila mmoja ameuliza ilikuwaje, na kabla sijafika mbali amesema: cha muhimu mtoto mzima. Wa tatu alipolisema nikalisema pamoja naye. Akadhani ninakubali.

Mama mkwe hasemi kitu. Anapika, anakanda tumbo langu kwa maji ya moto, anamwogesha mtoto. Tangu tumerudi hajanitazama machoni. Nadhani ameona aibu kwa ajili yangu, kwamba mwishoni nilipiga kelele.

Sikulala.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua. Sikulala.

Jumatano, 9 Aprili
Asubuhi kavu, mchana mvua. Naandika hili ingawa nisingependa lionekane. Mtoto akilala namsikiliza. Akikaa kimya muda mrefu naona ule ukuta, pale fundi wa rangi alipoteleza. Basi nampiga kidole kwenye unyayo. Analia. Nikishasikia analia napumua. Akitulia, nahesabu moyoni, nampiga tena.

Leo Pasi amesema, "Huyu mtoto mbona halali? Utadhani ana zamu." Nikasema ni tumbo.

Jumamosi, 19 Aprili
Hakuna mvua siku ya tatu. Njia imekauka, mume wangu amefika. Amembeba mtoto kama mtu aliyekabidhiwa sinia la mayai. Nilifurahi kumwona. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyonuka dizeli hata akioga.

Jioni alikuwa getini na jirani. Nilikuwa barazani nakunja nguo nikamsikia.

"Mke wangu? Siku nzima kwenye dripu, dawa ya maumivu hakuna, na hakutoa hata sauti. Muulize mama."

Mama mkwe alikuwa jikoni. Niliona mkono wake umesimama juu ya sufuria.

Mume wangu alipoingia nikamwambia, "Usiwaambie watu hivyo tena."

"Kwani ni uongo?"

"Si uongo."

"Sasa?"

Sikuweza. Nilikuwa na yote hapa kwenye daftari, na mdomoni hakuna. Akasema, "Mimi nilikuwa nakusifia," akatoka nje, na alikuwa amechukizwa kweli. Yule mtu amesafiri siku nzima kuja kunisifia. Nilikaa na nguo mapajani nikamchukia, na kumwonea huruma, na kumchukia tena.

Sikulala.

Jumapili, 20 Aprili
Asubuhi jua kali tangu saa moja, mbingu imeoshwa. Siku ya kufua kuliko zote tulizopata msimu huu.

Nilimlaza mtoto nikakaa naye. Alipotulia nikanyoosha kidole kwenye unyayo wake, na mkono wa mtu ukanishika kifundo. Ni mama mkwe. Sijui alikuwa amesimama mlangoni tangu lini.

"Nimekuona jana pia," akasema. "Na juzi."

Nilidhani atanigombeza. Akaachia mkono wangu, akainama, akavuta ule mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Harufu ilitoka kabla ya shuka. Mimi, ambaye nafua za watu, nimelaza shuka na damu yake mwezi mzima mpaka likaota ukungu.

"Njoo nje," akasema. "Mlete."

Mume wangu alikuwa uani anatengeneza kamba. Mama mkwe akajaza beseni maji baridi, akatia chumvi ya kiganja, akaliloweka. Alikuwa anafuata nilivyosema mimi, neno kwa neno, ingawa yeye ana ufuaji wake. Akasugua katikati. Akafika kwenye pindo, akasita. Akalinyanyua juani akalitandaza kwa vidole. Ncha yote ilikuwa matundu. Si mpasuko, matundu, yamepangwa kwa safu mbili zilizopinda, na jua likipita kila moja.

Alikaa nalo mkononi.

"Nilikwambia uume," akasema. "Sikukwambia utafune."

Pasi angecheka. Mimi nilijaribu, ikatoka kitu kingine.

Akaanza kuongea na beseni. Alisema wa kwanza wake hakuwa mume wangu. Alikuwa msichana. Mama yake mwenyewe alimwambia anyamaze, naye akanyamaza, alikuwa mdogo na alitaka asifiwe. Mkunga alikuwa chumba cha pili anakunywa chai. Hakumwita. Mkunga aliporudi alimkuta ametulia, akamwambia, hongera, wewe ni jasiri, kisha akamtazama mtoto.

"Waliokuja kunipa pole walinisifia," akasema. "Kila mmoja. Hakulia, hakulia. Nikaona wananipa kitu mkononi. Nisipokipokea, basi nilinyamaza kwa sababu gani? Nikakipokea. Waliofuata nikawazaa vilevile. Wakubwa kwa wadogo wakajua kwamba kwetu hatulii." Akalizamisha shuka. "Hata wewe nikakupa. Nilikaa kwenye lile benchi nikasikia kimya chako, nikakijua. Nilikijua kama mtu anavyojua mlango wa kwao."

Mume wangu alikuwa ameacha kamba. Alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, mikono katikati ya magoti. Hakuwa anajua. Watu wazima wawili, mimi nimeishi naye miaka, yeye amezaliwa na huyu mama, na wote wawili tulikuwa tumeridhika na hesabu ya watatu.

Akauliza, "Alikuwa na jina?"

"Nilikuwa nimemwekea."

"Lipi?"

Akalitaja. Siliandiki hapa, ni lake. Ila alilitaja kwa sauti ya kawaida, kama anaita mtu aje kula.

Kisha mume wangu akanigeukia, akasema, "Niambie ilivyokuwa. Yote. Sitakukatiza."

Nikamwambia. Ilianza vibaya, nilirudia mwanzo mara kadhaa. Nilimweleza matone, na viatu vya mama pale mlangoni, na kwamba nilijivuna. Mama mkwe hakuacha kusugua. Nilipofika mezani dirishani mume wangu alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Hakusema cha muhimu ni nini. Nilipomaliza alikuwa analia, naye hakujificha, na mama yake hakumkataza.

Pasi aliingia na mzigo wa nyumba ya wageni kichwani, akatutazama wote watatu. "Nani amekufa?"

"Hakuna," mama mkwe akasema. "Shika upande huo, tukamue."

Wakakamua, mmoja huku na mwingine kule. Nilitazama pembeni mpaka walipomaliza. Doa limebaki hafifu, rangi ya chai. Nilisema litatoka likifuliwa tena. Pasi akagundua matundu, akasema atayashona. Nikamwambia aache.

Sasa ni mchana. Shuka liko kwenye kamba, pindo chini, na vitundu vya mwanga viko ukutani vinacheza upepo ukija. Mtoto yuko nje mikononi mwa mama mkwe. Dakika hii amenyamaza, nami kidole kimenyanyuka chenyewe juu ya karatasi.

Mama mkwe amempa Pasi mtoto, ametia kichwa mlangoni. "Nenda kalale."

"Akinyamaza?"

"Nitakaa namtazama kifua. Nikiona jambo nitapiga kelele, unajua ninavyoweza."

Nimemwambia naandika kidogo namaliza. Amesimama pale pale, anasubiri. Huko nyuma yake mtoto ameanza kulia, na Pasi anamwambia, ndiyo, mama, waambie.

Saa nane na robo mchana. Nalala.